Fomu Mlangoni, Mnyororo Mtandaoni

Saa kumi na moja jioni vituo vya kupigia kura nchini Kenya hufungwa. Aliyekwisha kuingia kwenye foleni huachwa apige kura yake, kisha kazi nyingine huanza, mara nyingi ndani ya darasa la shule ya msingi, madawati yamesukumwa ukutani na taa ya betri iko juu ya meza. Afisa msimamizi hufungua sanduku mbele ya mawakala wa vyama. Huchukua karatasi moja, huikunjua, huionyesha huku na huku ili kila wakala aone alama imewekwa wapi, hulitaja jina kwa sauti, kisha huiweka kwenye fungu lake. Halafu nyingine. Wakala asiyeridhika anaweza kudai kura zihesabiwe upya. Mwishowe idadi huandikwa kwenye Fomu 34A, mawakala hutia sahihi na kupewa nakala, nakala moja hubandikwa mlangoni, na picha ya fomu hupigwa kwa kishkwambi cha tume ya uchaguzi na kutumwa.

Karatasi hiyo ndiyo msingi wa kila kinachofuata. Kenya imetumia mabilioni ya shilingi kununua mashine za kusoma alama za vidole, seva na mitambo ya kutuma matokeo, na wauzaji wa teknolojia mpya zaidi, hasa ile ya blokucheni, nao wamekuwa wakibisha hodi serikalini kote Afrika. Wote hao wanastahili kuulizwa swali moja kabla ya kuonyeshwa mkataba: kifaa chenu kitaongeza idadi ya watu wanaoweza kuikagua fomu hii, au kitaipunguza?

Swali hilo lina historia chungu. Desemba 2007 Wakenya walipiga kura kwa utulivu. Siku tatu baadaye, mshindi alipotangazwa huku hesabu za majimbo zikibishaniwa, nchi ikawaka. Zaidi ya watu 1,000 waliuawa na mamia ya maelfu wakafukuzwa makwao. Samuel Kivuitu, mwenyekiti wa tume ya uchaguzi aliyemtangaza mshindi, alikiri hadharani kwamba hakujua ni nani aliyeshinda. Tume iliyoongozwa na jaji Johann Kriegler wa Afrika Kusini ilichunguza na kutoa ripoti Septemba 2008. Ilieleza kuwa takwimu zilikuwa zimeharibika kiasi kwamba hakuna awezaye kujua matokeo ya kweli. Kura zilipigwa, zikahesabiwa, lakini kati ya kituo na Nairobi ukweli ulipotea njiani. Moja ya mapendekezo ya Kriegler lilikuwa kutumia teknolojia kusajili wapiga kura na kupeleka matokeo.

Wiki chache tu baada ya ripoti hiyo, tarehe 31 Oktoba 2008, mtu au watu waliojiita Satoshi Nakamoto walisambaza mtandaoni andiko la kurasa tisa kuhusu pesa ya kidijitali iitwayo Bitcoin. Halikuwa na uhusiano wowote na Kenya. Lakini jambo lililoshughulikiwa ni lile lile lililowashinda wahesabu kura wa 2007: watu wasioaminiana wataendeshaje daftari moja la hesabu bila kumwachia mtu mmoja kalamu?

Jibu la Nakamoto ndilo lililokuja kuitwa blokucheni, mnyororo wa bloku. Miamala hukusanywa katika fungu, yaani bloku. Kila bloku hubeba alama ya kihesabu iliyokokotolewa kutokana na bloku iliyotangulia, hivyo ukibadilisha herufi moja katika rekodi ya mwaka jana, alama zote zilizofuata zinakataa. Na nakala ya daftari zima haikai kwa mtu mmoja. Iko kwenye maelfu ya kompyuta. Mwanachama wa VICOBA, vikundi vya kuweka akiba na kukopeshana, hahitaji kuelezwa sana. Sanduku la kikundi lina kufuli tatu, funguo ziko kwa watu watatu, na hesabu ya wiki husomwa kwa sauti ili kila mtu aibebe kichwani arudi nayo nyumbani. Mwenye ufunguo mmoja peke yake hawezi kuiba, na anayetaka kubadilisha hesabu itabidi abadilishe kumbukumbu za kikundi kizima.

Wazo zuri. Ndiyo maana serikali nyingi zilivutwa nalo. Mwaka 2018 wizara ya teknolojia ya Kenya iliunda jopo chini ya Profesa Bitange Ndemo kuchunguza blokucheni na akili bandia, na ripoti yake ya 2019 iliona nafasi ya teknolojia hiyo katika hati za ardhi, vyeti na hata uchaguzi. Mwaka huo huo wa 2018 Wafula Chebukati, mwenyekiti wa Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka, IEBC, alizungumzia uwezekano wa kuitumia kuwapa wananchi matokeo papo hapo.

Machi 2018 ikaja habari iliyozunguka dunia: Sierra Leone imefanya uchaguzi wa kwanza wa blokucheni. Haikuwa hivyo. Wananchi wa Sierra Leone walipiga kura kwa karatasi, zikahesabiwa kwa mkono. Kampuni ya Uswisi iitwayo Agora ilikuwa imepewa kibali cha mwangalizi, ikaingiza kwenye mtandao wake nakala ya matokeo ya vituo 280 vya eneo la magharibi. Tume ya uchaguzi ya nchi ililazimika kutoka hadharani kukanusha kwamba iliitumia teknolojia hiyo. Aliyeandika takwimu zilizokwisha kuhesabiwa na wengine hajaendesha uchaguzi, lakini kwa siku kadhaa sifa zilikwenda kwa kompyuta badala ya kwenda kwa makarani waliokesha na mishumaa.

Kule ambako blokucheni imewekwa kweli katikati ya kura, matokeo yamekuwa ya kutia wasiwasi. Jimbo la West Virginia nchini Marekani liliwaruhusu wanajeshi na raia wake walioko ng'ambo kupiga kura kwa simu mwaka 2018 kupitia programu ya Voatz, na watu 144 wakafanya hivyo. Februari 2020 watafiti wa chuo kikuu cha MIT walionyesha kwamba mdukuzi anayeiteka simu angeweza kuiona kura, kuizuia au kuibadilisha kabla haijafika kwenye daftari hilo lisilofutika. Jimbo likaachana na mpango huo. Moscow nayo ilitangaza kura ya blokucheni kwa uchaguzi wa baraza la jiji wa Septemba 2019. Wiki chache kabla, mtafiti Mfaransa Pierrick Gaudry alivunja usimbaji wake kwa takriban dakika 20 akitumia kompyuta ya kawaida, kwa sababu funguo zake zilikuwa fupi mno. Zikarefushwa. Miaka miwili baadaye, katika uchaguzi wa bunge la Urusi wa 2021, wagombea kadhaa wa upinzani jijini Moscow walikuwa wakiongoza kwa kura za karatasi hadi kura za mtandaoni zilipotolewa, kwa kuchelewa saa nyingi, na wote wakajikuta wameshindwa. Mnyororo ulikuwepo. Aliyekuwa na uwezo wa kuukagua kwa uhuru hakuwepo.

Hapo ndipo tofauti ya kura na pesa inapojitokeza, na inastahili kukaliwa kidogo. Daftari la pesa linataka kujua shilingi imetoka kwa nani ikaenda kwa nani. Kura inakataza jambo hilo hilo. Mpiga kura lazima athibitishe kuwa yeye ni yeye, kisha kura yake isahau kabisa imetoka kwa nani, na yeye mwenyewe asiwe na risiti ya kumwonyesha mtu. Risiti ndiyo soko la kura. Mgombea anayegawa unga, kanga au noti za mia mbili usiku wa kuamkia uchaguzi hana uhakika kama mali yake imezaa matunda, kwa sababu ndani ya kile kibanda cha kupigia kura hakuna wa kuchungulia. Mpe mpiga kura simu apige kura akiwa nyumbani, na mnunuzi atavuta kiti akae karibu naye. Vivyo hivyo mume, baba mkwe, mwajiri. Hakuna hesabu ya kompyuta inayoweza kumwondoa mtu huyo chumbani.

Mtetezi wa kura ya mtandaoni hapa hutaja Estonia, na ana haki ya kuitaja. Nchi hiyo ya watu takriban milioni 1.3 imepiga kura kwa intaneti tangu 2005, na katika uchaguzi wa bunge wa 2023 zaidi ya nusu ya kura zilipigwa hivyo kwa mara ya kwanza. Lakini mfumo wao wa kura haukujengwa juu ya blokucheni. Umejengwa juu ya kitambulisho chenye chipu ambacho karibu kila raia anacho na hukitumia mwaka mzima kwa kodi, dawa na benki. Aliyeshurutishwa anaweza kupiga kura tena baadaye, na ya mwisho ndiyo huhesabiwa. Akienda kituoni akapiga kwa karatasi, ya karatasi huifuta ile ya mtandaoni. Alama za kihesabu zilizofungamanishwa, ndugu wa karibu wa blokucheni, wanazitumia kulinda kumbukumbu za serikali, ili ofisa akifungua faili la mgonjwa au kubadilisha rekodi, alama ibaki. Hata hivyo mwaka 2017 iligunduliwa kasoro katika chipu za vitambulisho takriban 750,000. Kasoro hiyo iligunduliwa na wataalamu. Raia wa kawaida, hata awe msomi, asingeiona kwa macho yake.

Suala hilo la macho ya raia wa kawaida ndilo lililoamua kesi nchini Ujerumani. Tarehe 3 Machi 2009 Mahakama ya Katiba ya nchi hiyo, nchi isiyokosa wahandisi, ilitamka kwamba mashine za kupigia kura zilizotumika 2005 zilikiuka katiba, kwa kuwa mwananchi lazima aweze kuzikagua hatua muhimu za uchaguzi bila kuhitaji utaalamu maalumu. Hakukuwa na ushahidi kwamba mtu amezichezea. Kutokaguliwa kwake tu kulitosha.

Kenya imejifunza somo hilo kwa gharama kubwa zaidi, uchaguzi kwa uchaguzi. Machi 2013 mashine za kuwatambua wapiga kura zilizima katika vituo vingi, betri zikaisha, nywila zikagoma, na watu wakarudi kwenye daftari la karatasi. Mtambo wa kupeleka matokeo ulielemewa. Kura zilizoharibika zilionekana kwenye skrini kubwa zikiongezeka kwa kasi ya kutisha, na tume ikaja kueleza kuwa programu ilikuwa ikizizidisha mara nane. Uhuru Kenyatta alitangazwa mshindi kwa asilimia 50.07.

Mwaka 2017 vishkwambi vipya vipatavyo 45,000 vilinunuliwa, na safari hii vilifanya kazi ya kutambua watu vizuri. Msiba ukaja kwa njia nyingine. Chris Msando, meneja wa teknolojia wa IEBC, aliyekuwa akijitokeza kwenye televisheni kuwaeleza Wakenya jinsi mfumo ungezuia wizi, alipatikana ameuawa mwishoni mwa Julai, siku chache kabla ya kura ya tarehe 8 Agosti, mwili wake ukiwa na alama za mateso. Kifo hicho hakipaswi kupitwa haraka. Mfumo ambao siri zake zinakaa kwa watu wachache huwageuza watu hao kuwa shabaha. Mwalimu aliyebandika fomu mlangoni hana siri ya kuteswa nayo. Kila anachokijua kimekwisha kusomwa na kijiji.

Usiku wa kuhesabu, takwimu zilimiminika kwenye tovuti ya tume na kwenye skrini za televisheni, zikiwa ni namba tupu. Fomu zilizopaswa kuzithibitisha hazikuonekana. Tume ilimtangaza Kenyatta tarehe 11 Agosti huku fomu nyingi za vituo zikiwa bado hazijafika, ikieleza kuwa vituo 11,883 kati ya 40,883 vilikuwa nje ya mtandao wa kasi. Mpinzani wake, Raila Odinga, akaenda mahakamani. Majaji waliagiza wataalamu wa pande zote waruhusiwe kuzitazama seva, kutazama tu bila kugusa, na tume haikutii ipasavyo. Tarehe 1 Septemba, Jaji Mkuu David Maraga na wenzake watatu, dhidi ya wawili, waliufuta uchaguzi wa rais, jambo ambalo lilikuwa halijawahi kutokea Afrika. Majaji hao wa wengi walikataa kuishia kwenye ukubwa wa tofauti ya kura. Walitaka kuonyeshwa njia iliyopita hadi kufika kwenye namba hizo. Baadhi ya fomu zilizoletwa hazikuwa na muhuri, nyingine hazikuwa na alama za usalama, na ile seva iliyofungwa ikageuka kuwa ushahidi dhidi ya walioifunga.

Miaka mitano baadaye tume ilifanya jambo rahisi kuliko yote iliyowahi kufanya, na pengine lililo bora zaidi. Katika uchaguzi wa tarehe 9 Agosti 2022 iliacha kabisa kurusha namba. Vituo 46,229, kila kimoja kikiwa na wapiga kura wasiozidi 700, vilituma picha ya Fomu 34A tu, na kila picha ikawekwa kwenye tovuti iliyo wazi kwa mtu yeyote mwenye intaneti. Pakua, soma, jumlisha mwenyewe. Kufikia kesho yake sehemu kubwa ya fomu zilikuwa hewani.

Kilichofuata kilikuwa kitu kigeni katika siasa za Afrika Mashariki. Vyumba vya habari vya Nairobi viliajiri vijana wa kuketi mbele ya kompyuta, kufungua fomu moja moja na kuingiza hesabu. Kwa kuwa kila kituo cha televisheni kilianza na fomu zake, kimoja kilimwonyesha Raila Odinga akiongoza na kingine William Ruto, na watazamaji wakaruka kutoka chaneli hadi chaneli wakiwa wamechanganyikiwa. Lakini ilikuwa ni hali ya kuchanganyikiwa yenye afya. Wanafunzi, wahasibu, watu wa ughaibuni waliokuwa macho usiku wa Minnesota na London walijitengenezea majedwali yao. Mtu wa Kisumu aliweza kufungua fomu ya Nyeri na kutazama mwandiko wa afisa aliyeijaza. Mtu aliyepiga picha ya fomu iliyobandikwa mlangoni kwao aliweza kuilinganisha na ile ya mtandaoni, sahihi kwa sahihi.

Hii ndiyo kazi ambayo wauzaji wa blokucheni wanaahidi kuifanya: nakala nyingi mikononi mwa wengi, ili asiwepo wa kubadilisha bila kuonekana. Kenya iliifanya kwa kamera na tovuti ya kawaida.

Haikuzuia mgogoro. Tarehe 15 Agosti, katika ukumbi wa Bomas of Kenya, makamishna wanne kati ya saba wa tume waliyakana matokeo dakika chache kabla Chebukati hajamtangaza Ruto kuwa mshindi kwa kura 7,176,141 dhidi ya 6,942,930 za Odinga. Ukumbini kulirushwa viti. Kesi ikaenda Mahakama ya Juu na madai mazito ya kwamba fomu zilinaswa njiani na kubadilishwa kabla ya kuonekana kwenye tovuti. Safari hii kulikuwa na cha kulinganisha. Mahakama iliagiza ukaguzi, fomu asili zikawekwa karibu na zile za tovuti na nakala za mawakala, na haikuonekana tofauti ya maana. Tarehe 5 Septemba majaji wote saba, chini ya Jaji Mkuu Martha Koome, waliyathibitisha matokeo. Odinga alisema hakubaliani na uamuzi huo lakini anauheshimu. Nchi iliyopoteza watu zaidi ya elfu moja mwaka 2007 ililala usingizi usiku ule.

Magharibi zaidi hadithi ilikuwa imekwenda kinyume. Desemba 2018 Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo ilitumia mashine zaidi ya 100,000 kutoka Korea Kusini, zenye skrini ya kugusa na zinazochapa kura. Kanisa Katoliki lilituma waangalizi takriban 40,000, likatangaza kuwa takwimu zake zinamwonyesha mshindi aliye wazi, na hakuwa yule aliyetajwa na tume. Takwimu zilizovuja kwa vyombo vya habari zilimpa Martin Fayulu ushindi mkubwa. Tume ikamtangaza Félix Tshisekedi kwa asilimia 38.57. Matokeo ya kituo kwa kituo hayakuchapishwa. Pamoja na mashine zote hizo, hakuna raia aliyeweza kuchukua karatasi ya kituo chake na kuitafuta ndani ya jumla ya taifa.

Na kule Beni, mji wa mashariki ambako Kiswahili ndicho lugha ya sokoni, watu hawakupewa hata mashine. Tume iliahirisha kura yao pamoja na ya Butembo na Yumbi hadi Machi, kwa hoja ya Ebola na usalama, ilhali rais angeapishwa Januari. Tarehe 30 Desemba wakazi walipanga foleni wenyewe, wakanawa mikono kwa sababu ya ugonjwa, wakapiga kura kwenye karatasi walizojiandalia na wakazihesabu mbele ya wote. Kura hizo hazikuingia popote. Lakini bila kishkwambi wala mkandarasi, watu wa Beni walionyesha kwamba wanajua uchaguzi unavyotakiwa kuonekana.

Karatasi nayo hughushiwa, hilo halina ubishi. Malawi iliona hivyo Mei 2019, fomu za matokeo zilipofika zikiwa zimepakwa wino mweupe wa kufutia na kuandikwa upya. Tofauti ni kwamba wino ule ulionekana. Ulipigwa picha, ukasambazwa kwenye simu, ukaletwa mahakamani, na tarehe 3 Februari 2020 majaji waliofika kazini wakiwa na fulana za kuzuia risasi waliufuta uchaguzi. Juni mwaka huo Lazarus Chakwera akashinda marudio. Ulaghai wa kalamu huacha doa. Ulaghai ndani ya programu unaweza usiache chochote ambacho wakala wa chama aliyeishia darasa la nane anaweza kukinyooshea kidole.

Ila doa hilo linahitaji mahali pa kupelekwa. Tanzania ilianza kusajili wapiga kura kwa alama za vidole kabla ya uchaguzi wa 2015, na ibara ya 41(7) ya katiba yake bado inasema kwamba mgombea urais akishatangazwa na tume kuwa amechaguliwa, hakuna mahakama itakayokuwa na mamlaka ya kuchunguza kuchaguliwa kwake. Nchi inaweza kununua mnyororo wa kidijitali ulio imara kuliko wote duniani. Ukisomwa na kuonyesha kosa, chini ya ibara hiyo hauna pa kufikishwa. Kila mpango wa teknolojia ya uchaguzi nchini humo ungepaswa kuanzia hapo.

Nje ya uchaguzi, kanuni haibadiliki sana. Katika ardhi, blokucheni hulinda kile kilichoingizwa, kiwe kweli au uongo. Georgia iliweza kuzifunga hati zake kwenye mnyororo kuanzia 2016 kwa sababu daftari lake la ardhi lilikuwa limekwisha kusafishwa. Honduras ilitangaza mpango kama huo 2015 ukakwama kabla ya kufika popote. Mgogoro wa kiwanja cha Dar es Salaam au Nairobi chenye hati mbili kwa wamiliki wawili hautatatuliwa kwa kuzifanya hati zote mbili zisifutike.

Kwa upande wa pesa, soko la sarafu za kidijitali la FTX lilipoanguka Novemba 2022 na takriban dola bilioni 8 za wateja hazionekani, minyororo ya sarafu haikuwa na kosa lolote. Wizi ulifanyika kwenye vitabu vya ndani vya kampuni, ambavyo hakuna mteja aliyeviona. Wasimamizi wa fedha wa ukanda huu walianza kwa kuonya: Benki Kuu ya Kenya Desemba 2015, Benki Kuu ya Tanzania Novemba 2019. Watu waliendelea kununua. Mwaka 2023 maelfu walipanga foleni katika jumba la KICC jijini Nairobi ili mboni za macho yao zipigwe picha na mradi wa Worldcoin kwa malipo ya sarafu zenye thamani ya takriban shilingi 7,000, hadi serikali iliposimamisha zoezi hilo Agosti. Mei 2025 Mahakama Kuu iliamuru taarifa hizo zifutwe. Oktoba 2025 ndipo Kenya ilipopata sheria inayozitaka kampuni za mali za kidijitali kuwa na leseni, chini ya Benki Kuu na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Miaka kumi ni mingi kuwaacha watu na onyo pekee.

Kuna mahali pamoja ambapo mnyororo umeisaidia kura kwa namna inayofaa kuigwa, nako ni Guatemala. Katika uchaguzi wa 2023 wananchi walipiga kura kwa karatasi na vituo vikajaza fomu kwa mkono. Mamlaka ya uchaguzi ilipiga picha za fomu hizo, na alama ya kihesabu ya picha ikafungwa kwenye mnyororo wa Bitcoin pamoja na wakati wake. Mnyororo haukuhesabu kura wala haukumjua mpiga kura. Ulishuhudia jambo dogo tu: kwamba picha hii, kama ilivyo, ilikuwepo saa hii. Bernardo Arévalo alipochaguliwa kuwa rais bila kutarajiwa, waendesha mashtaka walivamia ofisi za mamlaka hiyo na kuondoka na fomu asili. Kwa hali hiyo ushahidi ungeweza kuchakachuliwa au kupotea, lakini nakala na alama zake zilikuwa tayari ziko mikononi mwa dunia. Jamii za wenyeji wa asili zilifunga barabara kwa wiki kadhaa kuitetea kura, na Arévalo akaapishwa Januari 2024.

Kenya itapiga kura tena tarehe 10 Agosti 2027, chini ya tume mpya inayoongozwa na Erastus Ethekon aliyeapishwa Julai 2025. Sheria tayari inaitaka tume kuchapisha fomu za matokeo mtandaoni. Kuongeza alama ya Guatemala kwenye kila picha inapopigwa kituoni ni gharama ndogo ikilinganishwa na bei ya vishkwambi. Kazi ngumu zaidi inayobaki ni ya watu. Kila chama kinahitaji wakala atakayekaa hadi usiku wa manane bila kununuliwa, na majirani wenye simu watakaofika mlangoni asubuhi kuipiga picha fomu kabla mvua haijailowesha. Mikataba ya mitambo nayo inahitaji kuwekwa wazi mapema, pamoja na majina ya wanaoshika funguo za seva na utaratibu wa mahakama kuzifikia siku hiyo hiyo itakapoamuru, ili yaliyotokea Agosti 2017 yasipate nafasi ya kurudi.